Tumegawana nusu kwa nusu mara tatu na bado kila mtu anaona kapigwa, tunakosea wapi?

Lenzi_Mbili

Wakuu habari zenu, mnivumilie hii ni ndefu kidogo. Mimi na mwenzangu tumefanya kazi ya kupiga na kuhariri video pamoja miaka 6, hatujawahi kugombana kwa maana ya kugombana, ila sasa kila mtu anataka kwenda njia yake, yeye anataka kazi za kusafiri safiri, mimi nataka wateja wa kudumu maana nimechoka kuishi kwenye begi. Kuachana wala sio shida. Shida ni vitu. Tuna kamera mbili na lenzi zake, kompyuta moja kubwa ya kuhariria, droni, jina la biashara pamoja na akaunti zake za mtandaoni, na mteja mmoja mkubwa anayelipa kila mwezi.

Sisi tukajiona watu wa haki, tukasema nusu kwa nusu. Raundi ya kwanza kila mtu kamera yake, lenzi tukagawa moja kwako moja kwangu kama watoto na gololi. Nikaishia na lenzi ya kuvuta mbali ambayo kwa kazi zangu za ndani ni pambo tu, yeye akaishia na ya chumbani ambayo huko porini haimsaidii. Tukavunja. Raundi ya pili tukasema tuuze vyote tugawane hela, mnunuzi akapatikana, akataja bei, tukaangaliana, kila mtu moyoni anasema kwa bei hiyo bora nibaki navyo. Raundi ya tatu tukachukua daftari, tukaandika thamani ya kila kitu, huyu achukue hivi yule hivi, ikabalansi mpaka chini kabisa. Tukapeana mikono. Usiku huohuo ikaingia meseji yake, "sawa tu, ila najua umenipiga." Na mimi muda huo nilikuwa naandika meseji ya namna hiyohiyo kumtumia yeye, nikaifuta.

Swali langu ni kwamba inakuwaje hesabu iko sawa kabisa alafu pande zote mbili zinanuna? Kuna kweli makubaliano ambayo watu wawili wanatoka wote wameridhika, au hizo ni stori za semina?

sukari_chungu

Stori za semina. Makubaliano maana yake mmoja kachoka kabla ya mwenzie. Mwenye nguvu anachukua, mwingine anasaini, mnapiga picha ya pamoja.

dirisha_la_pili

Mkuu nimesoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja nimekikosa. Umetuambia kwa nini mnaachana, hujatuambia hata kimoja kati ya hivyo vitu unakitaka *kwa nini*, na yeye anakitaka kwa nini. Kamera mnagombania wote, sawa, wewe ya kufanyia nini na yeye ya kufanyia nini? Mimi nadhani hapo ndipo mlipopotea. Mmekata vitu katikati bila kujua kila mtu alikuwa anatafuta nini ndani yake.

(Na kabla mtu hajaja na hadithi ya wale ndugu wawili na chungwa, mmoja anataka maganda mwingine maji yake, tunaijua wote, tumeichoka.)

Ninayoipenda mimi ni ya Mary Parker Follett, mmarekani mmoja aliyefariki 1933, huyu mama alikuwa anaandika mambo haya kabla hayajawa fasheni. Anasimulia yuko maktaba, chumba kidogo, mtu mmoja anataka dirisha lifunguliwe, yeye anataka libaki limefungwa. Ukiwaweka hao kwenye daftari lako mkuu, suluhisho ni dirisha kufunguliwa nusu, mmoja bado anakosa hewa na mwingine bado anapigwa na baridi, ila haki imetendeka hongereni. Wao wakaenda kufungua dirisha la chumba cha pembeni ambako hakuna mtu amekaa. Kwa sababu yule hakuwa anataka dirisha, alikuwa anataka hewa. Na mama hakuwa na ugomvi na hewa, alikuwa hataki upepo wa kaskazini umpige moja kwa moja. Anasisitiza kabisa kwamba pale hakuna aliyelegeza kitu, kila mtu kapata alichokitaka chote.

Sasa nenda kamuulize mwenzio. Usimuulize "unataka nini", hilo atakujibu kama alivyojibu mara tatu. Muulize ukikipata hiki, wiki ya kwanza utakifanyia nini.

Nahodha77

Naunga mkono hapo juu, na niongeze mfano mkubwa zaidi maana watu huwa wanadhani haya ni ya madirisha tu.

Sinai. Israel iliichukua kutoka Misri kwenye vita vya 1967. Septemba 1978 Sadat, rais wa Misri, na Begin, waziri mkuu wa Israel, wakaitwa na Carter, rais wa Marekani, pale Camp David, Marekani, wakakaa siku 13. Sasa chukua ramani, chora mstari wowote unaotaka katikati ya Sinai, nusu kwa nusu, robo kwa robo tatu, hakuna mstari ambao wote wawili wangekubali. Misri wanasema ardhi ni yetu yote, hatuachi hata kipande. Israel wanasema tukiirudisha vifaru vya Misri vitapaki tena mlangoni kwetu. Zisome hizo kauli mbili taratibu. Mmoja analilia bendera yake ipepee kwenye ardhi yake, mwingine analilia vifaru vikae mbali. Havigombani! Ikaamuliwa Sinai yote irudi Misri, alafu igawanywe kanda, kadri unavyosogelea mpaka wa Israel ndivyo jeshi na silaha zinavyopungua, na kikosi cha kimataifa cha kusimamia. Mkataba ukasainiwa Machi 1979, Israel wakamaliza kuondoka Aprili 1982, na mpaka leo hao wawili hawajapigana tena vita.

Na kitu kingine watu hawakijui, hao wakubwa wawili karibu muda wote hawakukaa meza moja. Siku za mwanzo walikutana wakawa wanafokeana, Carter akawatenganisha, akawa yeye ndio anazunguka. Wamarekani wakaandika rasimu moja tu, wanaipeleka kwa huyu, hawamuulizi "unakubali?" wanamuuliza "ina kasoro gani?", wanarekebisha, wanaipeleka kwa yule, hivyohivyo mpaka rasimu ikafika ya 23. Mtu kukosoa ni rahisi kuliko kukubali, ukimwomba akubali anaona ameshindwa, ukimwomba akosoe anakusaidia kazi bila kujua. Lenzi_Mbili hilo daftari lenu la raundi ya tatu aliliandika nani?

Lenzi_Mbili

Niliandika mimi. Yeye alikuwa anaendesha gari, mimi nipo pembeni nataja bei naandika, yeye anasema haya, haya.

mtu_wa_tatu

Nahodha umesimulia vizuri ila umeishia pazuri kwako. Kwenye Camp David kulikuwa na karatasi mbili, moja ya Misri na Israel, nyingine ilihusu Wapalestina wa Ukingo wa Magharibi na Gaza, ambao kwenye kile chumba hawakuwepo. Ile karatasi ya kwanza ikazaa mkataba. Ya pili mnajua wenyewe, haikutekelezwa. Nchi za Kiarabu zikaisimamisha Misri uanachama wa jumuiya yao 1979, ikarudi 1989. Kwahiyo pande mbili ziliridhika, ndio, na sehemu ya gharama akaandikiwa ambaye hakukaribishwa. Hili ndio linanikera kwenye hizi mada za "wote tumeshinda", ukihesabu vizuri hao wote huwa ni waliokaa kwenye viti.

Mleta mada, kwenye hiyo biashara mko wawili kweli? Nani mwingine anakula hapo?

sukari_chungu

Safi. Alafu mnamwambia jamaa akamwambie mwenzie anachokihitaji kweli. Akishajua kompyuta ndio roho yako si anaipandishia bei tu? Tuache utani.

Lenzi_Mbili

@mtu_wa_tatu yupo kijana mmoja anatusaidia kuhariri, miaka miwili sasa. Kiukweli sikumtaja kwa sababu sio mbia. Ila nimeisoma hiyo komenti yako nikajisikia vibaya.

@sukari_chungu hilo ndio linaniogopesha hata mimi. Nikifungua kifua si nimekwisha?

karani_wa_mikataba

Ngoja niingie hapa, miaka kadhaa nimekaa kwenye meza za namna hii, mara nyingi kama yule wa pembeni anayeandika, na anayeandika huona mengi.

Kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Kimoja ni *unataka nini zaidi ya nini na kwa sababu gani*. Kingine ni *kikomo chako*, yaani ukisukumwa mpaka wapi unanyanyuka unaondoka. Cha kwanza kiseme, tena mapema, maana asipokijua hawezi kukupa hata akitaka, atabaki anakupa lenzi ya kuvuta mbali. Cha pili kifunge kabatini. "Mimi kompyuta ni muhimu kuliko kamera kwa sababu kazi zangu zote ni za kuhariri" haikuumizi kitu ukiisema pamoja na "kwahiyo kwenye kamera nitakuwa mlaini." "Nikikosa kompyuta biashara yangu inakufa" hiyo ndio kujichoma.

Na hicho kikomo hakitoki hewani, kinatoka kwenye jibu la swali hili, msipokubaliana kesho asubuhi unafanya nini? Wengi hawajui. Wewe umesema mnunuzi alikuja akataja bei mkaikataa wote wawili. Hiyo ni taarifa ya maana sana mkuu, ndio plani B yenu, na wote mmeshaona ni mbaya. Kwahiyo wote wawili mnahitaji kukubaliana kuliko mnavyojifanya. Sukari_chungu anasema mwenye nguvu, lakini nguvu kwenye meza sio sauti wala umri wa biashara, nguvu ni kuwa na pa kwenda. Nyie wote hamna pa kwenda pazuri, mko sawa.

Alafu hili la kwamba aliyebanwa atasaini tu. 1982 kuna Wajerumani walifanya jaribio baadaye likarudiwa na watu kibao, unampa mtu hela agawane na mwenzie asiyemjua, yeye anapanga mgao, mwenzie ana maneno mawili tu, nakubali au nakataa, akikataa wote wanakosa. Kwa hesabu kavu ukipewa hata kidogo chukua, si bora kuliko sifuri? Watu hawachukui. Ofa za chini ya 20% karibu nusu yake zinatupwa, mtu yuko radhi akose yeye mradi na wewe ukose. Kwahiyo ule ubabe una bei, na kwenye maisha bei yake inakuja baada ya kusaini, mtu anachelewesha, anakuacha ukihangaika na neno la siri la akaunti, anawaambia wateja "muulizeni yeye."

Na lile daftari lako ndio jibu la meseji ya "umenipiga". Wa kwanza kutaja namba anaipigia msumari. 1974 wanasaikolojia wawili, Tversky na Kahneman, waliandika jaribio lao la gurudumu la bahati lililochezewa lisimame kwenye 10 au kwenye 65 tu, watu wanaliona likisimama, alafu wanaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya Umoja wa Mataifa. Walioona 10 jibu lao la katikati lilikuwa 25, walioona 65 likawa 45. Gurudumu! Halina uhusiano wowote na swali, na bado likawavuta. Sasa wewe sio gurudumu, wewe ni mbia wake wa miaka 6, unataja bei yeye macho yako barabarani anasema haya haya. Huenda bei zako zilikuwa za haki tupu. Alipofika nyumbani akakaa chini akagundua hakuna hata namba moja iliyotoka kinywani kwake.

bi_hesabu

Mimi nakuja na dawa tu, maneno mmeshamaliza hahaha.

Kuna njia ya pointi, ilitungwa na Brams na Taylor miaka ya 1990, mmoja mtu wa siasa mwingine wa hisabati. Kila mtu apewe pointi 100, asambaze kwenye vitu kwa siri kadri anavyovithamini *yeye*, sio bei ya dukani. Nakutungia mfano namba za uongo:

Wewe: kamera 15, kompyuta 30, jina na akaunti 25, droni 5, mteja 25.
Yeye: kamera 35, kompyuta 10, jina na akaunti 20, droni 20, mteja 15.

Hatua ya kwanza kila kitu kiende kwa aliyekipa pointi nyingi. Wewe unaondoka na kompyuta, jina, mteja, jumla 80. Yeye kamera na droni, jumla 55. Umemzidi, kwahiyo unarudisha kidogo, na unarudisha kile ambacho pointi zako ukizigawa kwa zake jibu ni dogo kuliko vyote, hapo ni jina, wewe 25 yeye 20. Ukipiga hesabu inabidi zaidi kidogo ya nusu ya jina iende kwake, na hapo wote mnakaa kwenye 66.

Angalieni hiyo 66. Mkigawa kila kitu nusu kwa nusu kila mtu anapata 50, hiyo ndio raundi yenu ya kwanza. Hapa wote wana 66 na hakuna aliyetoa kitu mfukoni, zile 16 za juu zimetoka wapi? Zimetoka kwenye kutofautiana kwenu. Mngekuwa mnapenda vitu vilevile kwa kiasi kilekile zisingekuwepo kabisa, kila pointi ya kwako ingekuwa imenyofolewa kwake. Watu wanasema tutakubaliana kwa sababu tunafanana, mimi kwa hesabu zangu naona kinyume, mnaotofautiana ndio mna cha kubadilishana.

Na kinachogawanywa ni kitu kimoja tu, vingine vinaenda vizima. Jina haligawanyiki najua, hapo ndio mtafute namna.

Kasoro yake ni kwamba mtu akijua za mwenzie anaweza kudanganya, anaipaka droni pointi ili tu ailipishe. Ndio maana siri, mnafunua kwa pamoja.

kifungu_cha_nane

Au ile ya zamani, mmoja akate mwingine achague. Mnaona ya kitoto? Iko kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari wa 1982. Madini ya chini kabisa ya bahari kuu, makampuni tajiri yana meli za kupimia, nchi maskini hazina, unajuaje hawajakuachia matope wakabaki na madini? Wakaandika hivi, mwombaji alete eneo linalotosha machimbo mawili, aligawe yeye mwenyewe pande mbili zenye thamani sawa, atoe na vipimo vyote, alafu mamlaka ya kimataifa inayosimamia madini hayo ichague upande mmoja uwekwe akiba kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Yeye ndio mjuzi, basi ujuzi wake umlinde na yule asiyejua.

Kwenu mwenzio anajua kamera na lenzi kuliko wewe? Akate yeye, wewe uchague. Kompyuta na faili zake wewe ndio mjuzi, hapo kata wewe.

karani_wa_mikataba

Nzuri. Nimesahau moja kuhusu yule mteja mkubwa, maana najua hapo mtakwama. Ukimchukua wewe, mwenzio atasema huyo ni hela ya uhakika nilipe fidia nono, wewe utasema huyo anaweza kuondoka mwezi ujao nikulipe nini. Mtabishana mpaka mzeeke maana mnabishania kesho. Msibishane, andikeni, akiendelea kulipa nakupa asilimia fulani kila mwezi kwa muda fulani, akiondoka hakuna. Anayeamini atabaki anaona kapata, anayeogopa ataondoka anaona kalindwa. Ila muandike maana ya "kuondoka" ni nini, akipunguza kazi nusu je? Nimeona watu wakirudi mezani kwa neno hilohilo moja.

sukari_chungu

Haya tusubiri ripoti. Mimi nimeweka dau kwenye kununa.

Lenzi_Mbili

Wakuu narudi, zimepita siku 11. Kila jioni nilikuwa naahirisha, niseme ukweli.

Tulikaa juzi. Nilianza kwa kumwambia lile daftari bei zote nilizitaja mimi na sikuliona hilo mpaka nilipoambiwa na watu. Akanyamaza. Alafu akasema nilijua utasema nilikubali mwenyewe. Nikasema ulikubali ukiwa kona kali. Akacheka kidogo, hapo ndio mazungumzo yakaanza, nadhani ningeanza na pointi asingecheka.

Tukachukua karatasi, kila mtu upande wake wa meza, amejifunika na mkono kama mtihani. Tukafunua. Wakuu, kamera nilizokuwa najua ndio ugomvi, yeye kazipa 10 na mimi 15! Mara tatu tunavunjiana heshima kwa kitu ambacho wote wawili hatukihitaji sana. Droni yeye 35, mimi 2, na hiyo 2 nimeweka kwa aibu maana mara ya mwisho kuirusha niliituliza juu ya mti. Kompyuta mimi 40 yeye 5. Mteja mimi 25 yeye 20. Jina mimi 18 yeye 30.

Jina likanishangaza. Anataka kusafiri peke yake, jina la watu wawili la nini? Nikauliza lile swali, ukilipata wiki ya kwanza unalifanyia nini. Akakaa. Akasema hakuna, silifanyii kitu, ila likibaki kwako watu watajua mimi ndio nimetolewa. Nikamuuliza na zile kazi za miaka 6? Akasema hizo ndio haswa, nikienda kuomba kazi nitaonyesha nini, nitaanza kuomba kama mtoto? Kumbe alikuwa anataka kazi zake zionekane ni zake. Tukaandika hapohapo, jina linabaki kwangu, video zote za nyuma zinawekwa majina yote mawili, yeye anaruhusiwa kuzionyesha popote bila kuniuliza, na tangazo la kuachana tunalitoa pamoja, siku moja, maneno anaandika yeye mimi nakosoa. Ameshaleta rasimu tatu, zote nimezirudisha, hajanuna.

Mteja tumefanya ya karani, miezi 12, asilimia kwake kadri anavyolipa. Neno la kuondoka tulibishana saa nzima, tukaandika akishuka chini ya nusu ya kazi za mwaka jana basi asilimia nayo inashuka nusu. Lenzi alikata yeye nikachagua mimi, dakika 5.

Hatujamaliza. Kompyuta nimeichukua mimi, sawa, lakini yule kijana ndio anayeikalia mchana kutwa, na mimi sasa hivi kazi za kumlipa peke yangu kila mwezi sina. Mwenzangu naye ana kazi za kuhariri huko safarini ila sio za kila siku. Jana tukamwita tukamweleza tulivyokubaliana, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mimi napewa pointi 100?"

Tumemwambia kesho tunakaa watatu.

sukari_chungu

Kijana kawashika. Mpeni hizo pointi, na bei asitaje mtu akiwa kwenye gari.

bi_hesabu

Mpeni, ila ile hatua ya kurudisha kitu ili pointi zilingane msiitumie kwa watatu, kwa wawili inakubali vizuri, wakizidi inaanza kugoma, unaweza ukawasawazisha wote pointi bado mmoja akautamani mgao wa mwenzie. Muulizeni kwanza wiki yake inakaaje, siku ngapi anahariri kwa nani. Siku zinagawanyika kuliko kompyuta.